Mwanafunzi Aliyejua Hapana Tu

Mwezi uliopita tulimzika Daktari Nyambura huko Ruiru, katika shamba lake la kahawa ambalo limebaki kipande tu, maana nyumba za kupangisha zimelizunguka pande zote. Baada ya mazishi, tulipokuwa tumeketi chini ya hema na sahani za mukimo mapajani, mpwa wake anayefundisha chuo kikuu alinionyesha simu yake. Alibandika mfuatano mrefu wa herufi za protini, akabonyeza, na kabla sijameza tonge simu ikawa imemwonyesha kila mahali ambapo sukari inaweza kujishikiza kwenye ile protini. "Auntie, wakati wenu mlikuwa mnafanyaje hii kitu?" akaniuliza. Nikamwambia tulikuwa tukiifanya kwa mwaka mzima, tena kwa woga. Akacheka, akidhani nasema woga wa kompyuta. Sikumrekebisha, kwa sababu si habari ya kusimuliwa huku watu wanaomba kuongezewa supu. Lakini tangu siku ile usingizi umenihama, na nimeona afadhali niandike.

Mimi ni mwoga. Nalisema mapema ili mtu asije akapoteza muda wake akitafuta ushujaa humu. Naogopa radi, naogopa mbwa, naogopa simu inayolia alfajiri. Wahenga walisema kwa mwoga huenda kicheko na kwa shujaa huenda kilio, na nilipokuwa msichana niliutegemea sana msemo huo, nikidhani kwamba nikiogopa vya kutosha hakuna baya litakalonipata. Kisha ukaja mwaka ninaotaka kuusimulia, miaka ya tisini ikielekea ukingoni, nikiwa ndiyo kwanza nimetoka chuo, nimeajiriwa kuwa msaidizi katika kituo kidogo cha utafiti wa magonjwa ya mifugo pale Ruiru. Woga wangu wa kabla ya hapo ulikuwa mchezo wa watoto.

Ofisi yetu ilikuwa ghala la kahawa zamani, na mvua ikinyesha kuta zilitoa harufu ya magunia. Kulikuwa na meza mbili, dirisha moja lenye nondo, na kompyuta moja ambayo Daktari aliifunika kwa kitambaa cha kufuma, chenye maua meupe na ya rangi ya chungwa, kama vile watu walivyofunika makochi yao. Kila asubuhi alikiondoa kitambaa, akakikunja mara nne, akakiweka juu ya stabilaiza ya umeme, ndipo akaturuhusu kuwasha. Alikuwa mwanamke mfupi, mnene kidogo, mwenye sauti ya mtu anayeita kuku. Saa nne alifungua chupa ya chai na mfuko wa nduma za kuchemsha, na hapo ndipo mafundisho yote yalipotolewa, huku akimenya. Sikumbuki hata somo moja alilonifundisha mikono yake ikiwa mitupu.

Kazi yenyewe alinieleza siku ya kwanza kwa nduma mbili. Protini ni uzi wa shanga, na kila shanga ina herufi yake. Seli ikishautunga uzi huanza kuupamba, hapa inapachika sukari, pale inapachika kitu kingine. Kimelea cha ndigana, kile kinacholetwa na kupe na kumwangusha ng'ombe wa gredi wakati mwenyewe bado anatafuta daktari, Daktari aliamini kinajificha ndani ya koti la sukari ili damu ya ng'ombe isikitambue. Tukijua sukari imekaa wapi tutajua pia palipo wazi, na chanjo itengenezwe kulenga pale. Shida ni kwamba kutafuta mahali pamoja tu kwa njia ya maabara kulikula miezi. Kwa hivyo alitaka kompyuta ijifunze kukisia. Kulikuwa na protini za viumbe wengine ambazo wenzetu wa ng'ambo walikuwa wameshazichunguza, wakajua sukari iko wapi na haiko wapi. Tungeipa kompyuta vipande vifupi vya mifuatano hiyo, kila kipande kikiwa na S au T katikati, maana hizo ndizo shanga zinazopendwa na sukari, na kwa kila kimoja tuiambie: hapa ndiyo, hapa hapana. Ikishaona mifano ya kutosha tungeipa vipande ambavyo haijawahi kuviona, tuiulize yenyewe. Vitabuni mtambo wa namna hiyo uliitwa mtandao wa neva. Daktari aliuita mwanafunzi.

"Mwanafunzi ameamka?" aliuliza akiingia.

"Aliamka, Daktari, lakini stima imepotea. Amesahau kila kitu."

"Ngai! Haya basi, mfundishe tena. Hata wewe ulifundishwa mara mbili."

Nilikuwa nimepanga chumba Kamenu, upande wa Thika, kwa Mama Rukia, mjane Mwislamu aliyeuza mitumba sokoni. Babu zake walikuwa wametoka Unyamwezi, au Kongo, ilitegemea anasimulia akiwa na hasira au furaha, na alikisema Kikuyu vizuri kuliko mimi. Chumba changu kilikuwa na kitanda, jiko la mafuta ya taa ambalo sikuliwasha, na ukuta wa mbao uliokitenga na jikoni kwake. Sikuliwasha jiko kwa sababu Mama Rukia hakuamini kwamba mtu aliyesoma sana anaweza kupika. Jioni aligonga mbao kwa mwiko, nami nikajua chapati zimeiva. Ijumaa ilikuwa pilau, na harufu ya bizari ilianza kupenya ule ukuta tangu adhuhuri ikakaa kwenye blanketi zangu hadi Jumapili. Pamoja na harufu yalipenya mazungumzo. Sikuwa mdaku, ila mbao ni mbao.

Jioni moja alikuwa na jirani yake, wanachambua mchele. Nilikuwa nimelala chali, viatu bado miguuni.

"Umesikia wamemzika yule msichana wa Kiganjo?" jirani akasema.

"Yupi?"

"Si yule wa saluni. Yule mrefu."

"Haiya! Kwani alikuwa mgonjwa?"

"Mgonjwa? Alikuwa amebaki mifupa. Ati ni TB."

"TB, TB. Siku hizi kila mtu ni TB." Ikafuata sauti ya mchele ukipepetwa. Kisha Mama Rukia, kwa sauti aliyodhani ni ndogo: "Na si huyo ndiye alikuwa anakaa na Maina wa spea?"

"Shhh. Huyu binti amerudi, taa yake inawaka."

Maina wa spea alikuwa mchumba wangu. Aliuza vipuri vya magari katika duka la kaka yake mjini Thika, na jina la duka lilikuwa limemshika kuliko la baba yake. Wazee wa kwao na wa kwetu walikuwa wameanza kuulizana kuhusu ruracio, ile siku ya kupeleka mahari, na sisi wawili tulikuwa tumeshaishi kama watu ambao harusi imepita. Alikuwa amenieleza kwamba kabla yangu kulikuwa na msichana Kiganjo, kwamba walikaa pamoja kidogo wakaachana vizuri. Sikuwa nimeuliza zaidi. Sasa nililala pale nikitazama dari. Mwiko ulipogonga nilisema kichwa kinaniuma. Chapati ilipitishwa mlangoni imefunikwa kwa sahani, na ilipambazuka bado iko pale pale, ngumu kama soli.

Kwa wale ambao hawakuwepo miaka ile, niseme hivi. Dawa zilikuja baadaye, na kwa wengine zilikuja kwa wakati. Mwaka ule hazikuwepo kwa watu kama sisi. Ugonjwa ule haukutajwa jina; mtu alikuwa na TB, au nimonia, au alirogwa na jirani wa shamba. Kupima damu kulikuwa kama kwenda mwenyewe kuuliza tarehe ya kufa, na hakuna aliyekulaumu kwa kutouliza.

Jumatatu iliyofuata niliingia kazini macho yamevimba, nikakuta mwanafunzi amemaliza kujifunza. Tulikuwa tumemwacha akijifunza mwisho wa wiki nzima, na kwa neema ya Mungu stima haikupotea. Nikampa vipande vya mtihani. Majibu yalipotoka nilidhani naona vibaya: alikuwa amepata karibu yote. Nilisahau Kiganjo, nikasahau macho, nikakimbia hadi nje ambako Daktari alikuwa akigombana na mtu wa maziwa.

"Daktari, amepita! Amepata karibu zote!"

Alikuja akasimama nyuma yangu, hakukaa. "Zile za ndiyo amepata ngapi?"

"Amepata karibu zote, Daktari, angalia hapa chini..."

"Sikuuliza zote, Wangeci. Nimeuliza zile za ndiyo."

Nikazitafuta moja moja. Hakuwa amepata hata moja. Kila kipande tulichompa, chenye sukari na kisicho nayo, alikuwa amejibu hapana. Na kwa kuwa katika protini S na T nyingi mno hazina sukari yoyote, zilizo nayo ni chache tu, hapana zake zilikuwa sahihi karibu kila mara. Nilitamani kulia. Daktari alikaa, akavuta mfuko wa nduma ingawa saa nne haikuwa imefika.

"Usimwite mjinga," alisema. "Alifanya ile kitu tulimwambia. Tulimwambia asikosee mara nyingi. Hatukumwambia ni kosa gani tunaliogopa."

Jioni ile nilikutana na Maina katika hoteli moja karibu na duka lao, mahali tulipozoea kula chapati na maharagwe ya madondo. Alikuwa na mafuta ya gari kwenye kucha, kama kawaida, na alikuwa ameniagizia tayari.

"Yule msichana wa Kiganjo amekufa," nikasema.

"Nilisikia."

"Na hukuniambia."

"Ningekuambia nini, Wangeci? Alikuwa na TB. Watu wanakufa na TB tangu zamani."

"Na wewe?"

"Mimi nini? Niangalie. Nakaa mgonjwa?" Akajipiga kifua, akacheka, watu wa meza ya pili wakageuka. "Aca, hapana. Hakuna kitu. Kula, madondo yanapoa."

Alikuwa amenawiri kweli, mashavu yamejaa, shati limembana mabegani. Nikamwamini kwa muda wa kula chapati moja. Ya pili niliiacha sahanini. Kwa siku kadhaa baadaye nilizunguka nikitafuta mtu wa kunipa jibu, bila kusema nauliza kuhusu nani. Rafiki niliyesoma naye alisema hapana, mtu mwenye nao hujulikana kwa macho. Mzee wa kanisa alisema hapana, si watoto wa nyumba kama zetu. Mama Rukia, ambaye ulimi wake ndio ulioniingiza katika hofu hiyo, aliponiona sili alinishika kidevu akasema, "Hapana, mwanangu, wewe huna kitu, ni kazi nyingi tu." Wote walisema hapana na wote walikuwa na uso wa upendo. Nami nilijua, kwa kazi yangu, kwamba ukimwambia kila mtu hapana utakuwa umesema kweli kwa walio wengi, na yule mmoja aliyekuja kwako akiogopa hutakuwa umemsaidia.

Kule Ruiru tulimtibu mwanafunzi kwa njia ambayo Daktari aliisoma katika makala iliyotufikia kwa posta: tulirudiarudia mifano ya ndiyo hadi idadi yake ikalingana na ya hapana. Akabadilika ghafla. Sasa aliona sukari kila mahali. Tulimpa protini ambayo ilijulikana haina hata punje, akaipaka sukari kuanzia mwanzo hadi mwisho. Daktari alicheka mpaka akashika ubavu. Mimi sikucheka sana, kwa sababu nilikuwa nimefika huko huko. Kila asubuhi katika bafu ya ploti, tuliyotumia wapangaji wote, bati likivuja, nilijikagua ulimi kwa kioo cha mkononi, nikajipapasa shingo na kwapa. Chunusi ilikuwa dalili. Kiu ilikuwa dalili. Nilikohoa kwa vumbi la barabarani nikakosa usingizi siku mbili. Nilipungua, na kupungua kwenyewe kukawa ushahidi mkubwa kuliko wote, nikazidi kutokula.

Daktari aliniacha hivyo mpaka siku niliyomwaga chai juu ya kibodi. Hakunigombeza. Aliigeuza ile kibodi kichwa chini ili ikauke, akafunga mlango.

"Ni mimba ama ni ile ingine?" akauliza.

Nilimweleza yote, kuanzia mchele uliokuwa ukipepetwa. Nilingoja aseme hapana. Nilimwomba kwa macho aseme. Alikuwa msomi, angesema ningemwamini hata mwaka mzima.

"Sitakuambia huna," alisema polepole. "Sijui. Na wewe hujui, na Maina hajui. Hata hiyo mtu yako ya kanisa hajui. Kuna kitu moja tu inajua, na ni damu."

"Naogopa, Daktari."

"Ogopa. Kwani nani amekukataza? Lakini enda ukiogopa." Akachukua nduma, akaiangalia, akairudisha mfukoni bila kuimenya. Ndiyo mara pekee nilipomwona akifanya hivyo.

Nilikwenda katika kliniki moja ya watawa, Thika. Sista aliyenitoa damu alikuwa mzee, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, na alinishika mkono muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji. Majibu yalichukua wiki mbili. Sitajaribu kuzieleza wiki hizo. Nakumbuka tu kwamba nilifagia chumba changu kila siku kana kwamba kuna mgeni, na kwamba nilikuwa nikimsikia Mama Rukia jikoni akimuuliza jirani, "Huyu mtoto anafagia nini?" Siku yenyewe ilipofika, Sista aliniketisha, akavua miwani, akasema hawakuona kitu katika damu yangu.

Nadhani alitarajia nipige magoti. Mimi nikamuuliza, "Sista, kati ya wale walio nao kweli, kipimo chenu huwakosa wangapi?"

Alinikazia macho. "Wewe ni daktari?"

"Hapana. Ninafundisha kompyuta."

Alitabasamu kidogo, kisha akawa mkweli, na Mungu ambariki kwa hilo. Alisema mtu aliyeambukizwa karibuni anaweza asionekane, hivyo nirudi baada ya miezi mitatu. Na akasema nirudi na mchumba wangu.

Nilimwambia Maina siku hiyo hiyo, nyuma ya duka, kati ya ekzosi zilizotundikwa. Alinikumbatia akanizungusha. "Si nilikuambia? Si nilisema? Sasa tumejua!"

"Tumejua nini?"

"Tuko sawa. Yako ni yangu, Wangeci. Tunalala kitanda moja, kama ningekuwa nayo si ungekuwa nayo?"

"Haiendi hivyo. Damu yangu haiwezi kupimwa badala yako."

"Wee, usinisomee." Alikuwa bado anacheka lakini mikono ilikuwa imelegea. "Na nikijua, halafu? Dawa iko wapi? Utanipatia wewe? Utaitengeneza kwa hiyo kompyuta ya ng'ombe?"

Nikamwambia ninataka watoto, na kwamba ruracio ingoje, na mimi na yeye tungoje, mpaka apime. Maneno hayo sikuyasema kwa msimamo wowote. Uso wake ulikunjamana. Alisema mwanaume hasubirishwi kama spea iliyoagizwa Japani, akarudi dukani, na kwa wiki kadhaa hakunitafuta. Nilipita mbele ya duka mara nyingi nikijifanya naenda posta. Usiku niliogopa kwamba anaumwa, na mchana niliogopa kwamba haumwi, ameniacha tu, ameshapata mwingine asiyeuliza maswali. Kama mtu angenilazimisha kuchagua mojawapo, sijui ningechagua ipi, na kutojua huko kulinitisha pia.

Wakati huo mwanafunzi alikuwa ameanza kupata akili. Daktari alikuwa ameacha kumtaka aseme ndiyo au hapana, badala yake mwanafunzi alikipa kila kipande namba kati ya sifuri na moja, ya jinsi anavyoamini, nasi tukaamua wenyewe tukate wapi. Tulibishana sana kuhusu hapo pa kukata. Tukikata juu, tungekosa sehemu zenye sukari na chanjo ingelenga pasipofaa. Tukikata chini, watu wa maabara wangehangaika miezi wakitafuta visivyokuwepo. Daktari alisema hakuna kitabu kitakachotuambia, ni lazima tuseme wenyewe tuko tayari kukosea upande gani. Kisha tukaanza kumpa vipande vya kimelea chenyewe.

Alasiri moja ya mvua, magunia yananukia, Maina akatokea mlangoni. Hakuwahi kuja Ruiru. Viatu vilikuwa na tope hadi kwenye kamba, na mkononi alishika kofia yake kama mtu aliyeingia kanisani. Daktari alimtazama, akanitazama mimi, akasema anaenda kutafuta maziwa, ingawa maziwa yalikuwa mezani.

Maina alikaa kwenye kiti cha Daktari. "Huyu ndiye mwanafunzi?"

"Ndiye."

"Hebu nionyeshe vile anafanya."

Nilifurahi, Mungu anisamehe, nilidhani amekuja kupatana. Nikamwonyesha. Nikaandika kipande cha herufi, T ikiwa katikati, nikabonyeza, tukangoja pamoja huku mashine inavuma. Namba ikatokea, karibu kabisa na moja.

"Hiyo ni nini?"

"Anasema ndiyo. Anaamini sukari iko hapo."

Maina akaiangalia ile namba. "Hata mimi wameniambia ndiyo," akasema.

Mvua ilikuwa ikipiga bati kwa nguvu, na kwa sekunde chache nilijiambia kwamba sikusikia vizuri.

"Nilienda peke yangu," akaendelea, akizungusha kofia. "Kwa yule Sista wako. Nilitaka nikuletee hapana, Wangeci. Nilikuwa nimepanga vile nitakuambia. Nikuchekelee kwanza, halafu tupange ruracio." Nilitaka kumshika lakini mikono yangu ilikuwa imekwama kwenye meza. Nilikuwa ninamwogopa. Nilikuwa ninaiogopa damu yake na yangu, na wakati huo huo nilikuwa nimempenda kuliko siku nyingine yoyote. Mwishowe yeye ndiye aliyenishika bega, akaniambia ninyamaze, na hapo ndipo nilipojua kwamba nilikuwa ninalia kwa sauti. Daktari aliporudi, bila maziwa, alimimina chai vikombe vitatu, akaketi kwenye ndoo iliyogeuzwa, tukanywa mpaka mvua ilipopungua.

Miezi mitatu yangu ilikuwa bado haijaisha. Sasa woga ulikuwa na sababu, na woga wenye sababu ni mzito namna nyingine, hauchezi na chunusi. Nilihesabu nyuma kila siku tuliyolala pamoja. Maina alikuja Kamenu jioni, akakaa kwenye kiti, mimi kitandani, tukala alichopika Mama Rukia. Hatukumwambia, ila sidhani kulikuwa na haja. Aliacha kuongea na jirani jikoni tukiwa ndani, na kile kimya cha upande wa pili wa mbao kilinitia hofu kuliko umbea. Maina alianza kunitunza kama mgonjwa. Aliniletea machungwa. Aliniuliza kama nimelala. Mara moja nilimwona akiniangalia shingo nilipokuwa nikisuka nywele, akitafuta kile nilichokuwa nikikitafuta mimi kwenye kioo, na alipogundua nimemwona akatazama kando. "Kama nimekupa hii kitu," alisema siku moja, sahani ya wali mkononi, "sijui nitamwambia Mungu nini." Nikamwambia ale.

Ilipofika siku ya majibu ya pili tulikwenda wawili. Maina alivaa suti, ile iliyoshonwa kwa ajili ya ruracio, na hakueleza kwa nini. Kwenye korido kulikuwa na benchi refu la watu waliotazama sakafu. Tulipoitwa, alinitanguliza, akafunga mlango taratibu nyuma yetu kama anayeogopa kumwamsha mtoto. Sista alivua miwani. Nilimwona Maina akifumba macho.

"Hakuna," Sista akasema. "Uko salama, binti yangu. Safari hii naweza kukuambia bila kusitasita."

Kabla sijavuta pumzi Maina alikuwa amesimama. Alimshika Sista mikono yote miwili akaitikisa, asante, asante, mpaka miwani ikaanguka ikaning'inia kwenye uzi wake. Akanibusu kichwani. Kisha akafungua mlango, akatoka kwenye korido, nikamsikia akimwambia mwanamke mmoja asiyemjua, aliyekuwa akingoja zamu yake, "Yuko sawa! Huyu wangu yuko sawa kabisa!" Alikuwa akicheka kwa sauti, akipiga makofi, suti yake inang'aa kwa pasi, na watu wa benchi waliinua vichwa na wengine wakaanza kucheka naye bila kujua wanacheka nini. Sijawahi kumwona na furaha kama ile. Mimi nilibaki kwenye kiti. Miezi yote ile nilikuwa nikiogopa kwamba jambo hili ni letu sote wawili. Nilipomsikia akishangilia kule nje ndipo nilipoogopa kweli, kwa sababu nilielewa kwamba si letu, ni lake, na kwamba atakwenda nalo peke yake.